Nani Anamlipa Mwalimu wa Mtoto Wako?

Mahubiri kwa wazazi wa Mulungwishi, masomo yakikaribia kufunguliwa



Mwezi wa nane ukiingia, nyumba zetu hubadilisha sauti. Mtu na mkewe hulala wakihesabu. Minervali, karo ya shule, ya mkubwa. Shati jeupe na suruali ya bluu ya wa pili. Madaftari, viatu, nauli ya Likasi. Kisha wanafika kwa yule wa nne, sauti inashuka, na mmoja wao anasema: "Huyu angoje kwanza."

Maneno hayo matatu ndiyo niliyokuja kupigana nayo.

Kwa maana anayeambiwa angoje ni yule yule kila mwaka. Mara nyingi ni msichana, au ni mtoto wa marehemu ndugu yetu tuliyemleta nyumbani siku ya matanga, tukilia mbele ya watu wote kwamba tutamlea kama wetu. Na anangojea wapi? Anangojea kando ya barabara, beseni la mikate kichwani au magunia ya makaa miguuni, malori ya shaba na kobalti yakitoka upande wa Kolwezi na Fungurume na kumfunika vumbi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema wazee. Wakati wao ulimwengu ulikuwa mbali, mtoto alilazimika kuufuata. Siku hizi unapita mlangoni petu mchana na usiku, unapiga honi, na dereva ana pesa mfukoni.

Kaka yake yuko wapi? Yuko katika komplekse, shule ya kulipia ya mjini, kwa sababu tumesikia kwamba kule kuna nidhamu, kuna Kifaransa kizuri, na kila asubuhi wanasali kabla ya somo la kwanza. Mmoja tumemnunulia sala. Mwingine tumemwachia barabara. Halafu Jumapili tunakaa wote kwenye benchi moja, tunaimba.

Ndugu zangu, sikuja kusema vibaya juu ya shule ya kanisa. Mulungwishi ni nini bila shule? Ukiondoa Institut Springer, ukiondoa chuo kikuu chetu cha Kimethodisti, ukiondoa madarasa ambamo wachungaji wa Katanga yote walishikishwa chaki na Biblia, itabaki miti na reli. Sisi ni watu tuliozaliwa shuleni. Ndiyo maana neno hili linaniuma, na ndiyo maana nataka tuulize swali ambalo wazazi hawaulizi. Wao wanauliza: mtoto aende shule ya kanisa au ya serikali? Mimi nauliza: nani anamlipa mwalimu wake? Ukijua anayelipa, utajua ni nani anayeweza kukuangusha kesho.

Wakati wa Wabelgiji, serikali ya koloni ilizipa ruzuku shule za misioni za Kikatoliki. Sisi Waprotestanti tulihesabiwa kuwa misioni za kigeni, na mpaka Vita Kuu ya pili ilipokwisha, mfuko huo haukufunguliwa kwa ajili yetu. Shule zetu ziliishi kwa sadaka za ng'ambo, na kwa wanafunzi waliofyatua matofali na kulima shamba la shule. Aliyelipa alikuwa mmisionari. Akarudi kwao.

Watu wa Likasi wanamkumbuka mlipaji mwingine. Kampuni. Gécamines, kampuni ya migodi, ilikuwa baba, ilikuwa mama pia: unga ulitoka kwake, hospitali yake, shule yake, mwalimu wake. Mfanyakazi wake wa Shituru hakukosa usingizi mwezi wa nane. Kisha shaba ikashuka, migodi ikaporomoka, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha na kuambiwa kwamba wameondoka kwa hiari. Kwa hiari! Muulize mzee yeyote wa Likasi kama alikwenda kwa hiari. Watoto wa watu hao walijifunza kwa mkupuo mmoja kwamba shule yao ilikuwa inasimama juu ya mguu wa mtu mwingine.

Na serikali je? Serikali ilitaka vyote. Desemba 1974 Mobutu alizitwaa shule za makanisa, akafuta somo la dini, akaweka Mobutismu mahali pake. Haikutimia miaka mitatu. Februari 1977 serikali iliyolemewa ikatia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: kanisa liendeshe shule, serikali itoe programu na imlipe mwalimu. Ndipo zikazaliwa hizi konvansione ambazo mnaziita shule za kanisa. Sikieni vizuri, kwa sababu mabishano mengi ya nyumbani yangekwisha hapa: konvansione ya Kimethodisti ni shule ya serikali ambayo funguo zake zimo mkononi mwa kanisa. Anayejisifu kwamba amemtoa mtoto wake "kwa serikali" na kumpeleka kwetu, amemhamisha tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine katika nyumba ile ile.

Na huyo mlipaji naye alianguka. Miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukufika hata kwenye mfuko wa unga wa bukari. Wazazi wakaona huruma, wakaona pia hofu ya mwaka kupotea, wakaanza kumlipa wenyewe. Tukaiita prime. Ilikuwa dawa ya homa, ikageuka chakula cha kila siku, na mtoto ambaye baba yake hakulipa alifukuzwa darasani akiwa na daftari mkononi. Katika shule za kanisa pia. Ndiyo, zetu. Nilikuwa mwalimu miaka ile, nilisoma majina ya wasiolipa kwa sauti mbele ya wenzao, na wapo watu wazima leo ambao nikikutana nao sokoni nainamisha macho.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilisema shule ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ikalala kwenye karatasi. Septemba 2019 Rais Tshisekedi akaamua gratuité, yaani shule ya msingi ya bure, ianze, na watoto wakaja kama mvua ya kwanza. Walikuwa wapi siku zote? Walikuwa wanangoja! Tuliwaambia wangoje! Leo tunalalamika kwamba madarasa yamejaa, kwamba watoto wanabanana kwenye benchi moja au wanakaa chini, kwamba kuna walimu wanaofundisha bila mshahara kwa sababu majina yao hayajaingia kwenye orodha ya Kinshasa. Ni kweli yote. Mwenye uwezo kidogo akaona msongamano huo, akakimbilia komplekse. Namwelewa. Lakini asiseme amekimbia kwa ajili ya Mungu, kama alikimbia kwa ajili ya benchi.

Sasa nataka niwapeleke Lubumbashi, kwa watu ambao hatuwazungumzii kanisani.

Kuna sinagogi pale mjini, imesimama tangu karibu na mwaka wa 1930, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Waliojenga ni Wayahudi, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes, watu waliosema Kihispania cha zamani nyumbani kwao na waliokuja huku kuuza vitambaa, chumvi na unga. Mwaka wa 1937 wakamleta rabi kutoka kisiwa hicho hicho, Moïse Levy, akakaa Kongo zaidi ya miaka hamsini. Rhodes yenyewe, kwao, Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa karibu 150. Fikirini hilo. Wale wachache wa huku Katanga waligeuka kuwa sehemu kubwa ya kilichobaki. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "mtoto wangu haendi shule ya wengine," ni hao.

Watoto wao walisoma wapi? Kwa muda mrefu shule za watoto wa Wazungu pale mjini zilikuwa mikononi mwa Wasalesiani na masista. Misalaba ukutani. Baada ya vita, kuanzia mwaka wa 1946, serikali ikafungua shule zake zisizo za kanisa. Jumuiya ile ilikuwa ndogo mno kujaza shule nzima ya Kiyahudi, darasa la kwanza mpaka la mwisho, basi watoto wakakaa na wenzao, wakajifunza hesabu na Kifaransa, kisha dini yao wakaipata kwa rabi, na juu ya yote nyumbani: mishumaa ya Ijumaa jioni, meza ya Pasaka, baba anayesimulia walivyotoka Misri na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayepewa kazi ya kuuliza maswali. Mdogo kuliko wote! Katika nyumba zetu mdogo ndiye anayeambiwa anyamaze.

Wayahudi hawa wana neno la zamani juu ya swali langu, na wachungaji wenzangu wangefaa kulijua. Talmudi, kitabu chao cha kale, inasimulia kwamba hapo mwanzo kila mtoto alifundishwa Torati na baba yake. Mpango mzuri, isipokuwa kwamba asiye na baba hakufundishwa. Wakaweka walimu Yerusalemu; mwenye baba alipelekwa, yatima akabaki kijijini. Wakaweka walimu wa mikoa, wakachukua vijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Mwalimu akimkaripia mmoja, yeye hutoka na kwenda zake. (Walimu wa sekondari, mnawajua.) Mwishowe kuhani mkuu aliyeitwa Yehoshua ben Gamla, miaka michache kabla Hekalu halijabomolewa mwaka wa 70, akaamuru kila mji uwe na walimu wake, na watoto waingie wakiwa na miaka sita au saba. Mafundi wa sheria wakaongeza hesabu: mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakifika 40, mji utoe pesa ya msaidizi. Wakifika 50, walimu wawili.

Mmesikia anayelipa? Mji. Si mzazi peke yake, si mfalme wa mbali, si mgeni mwenye huruma. Mji wenyewe ulifunga mkanda kwa sababu ya mtoto mmoja asiye na baba. Talmudi inasema huyo mtu akumbukwe kwa wema, kwa kuwa bila yeye Torati ingesahauliwa katika Israeli. Haikusema ingesahauliwa kwa kukosa majengo.

Na bado shida hii haijawaishia. Marekani leo, shule nyingi za Kiyahudi zinazosomesha dini na masomo mengine pamoja hutoza dola 20,000 na zaidi kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na serikali haiwalipi mshahara walimu wa shule hizo. Mwenye watoto wanne apige hesabu. Wengine hupeleka karatasi za mapato yao mbele ya kamati ili wapunguziwe, na mtu mzima anayefanya kazi tangu asubuhi huona aibu ile ile ninayoiona machoni penu mbele ya meza ya prefe, mkuu wa shule. Wengine huwaweka watoto shule ya umma na kuwafundisha dini jioni, huku jirani akiwatazama kama waliorudi nyuma. Kwa hiyo msidhani kwamba mnaulizwa swali hili kwa sababu mko Mulungwishi na mfuko umetoboka. Kila anayeamini kwamba imani inarithishwa, anaulizwa.

Karibu nasi zaidi, Uganda, kando ya Mbale, wapo Abayudaya, Waafrika waliomfuata Semei Kakungulu mwaka wa 1919 alipochukua dini ya Kiyahudi. Kwa miaka mingi njia ya elimu kule ilipita katika shule za misioni, na wazazi wa Kiyahudi waliogopa kwamba mtoto ataingia Myahudi na kutoka amebatizwa. Sisi wa misioni tupite hapo polepole. Tulipojisifu kwamba shule yetu inaleta roho kwa Bwana, kulikuwa na mama mlangoni aliyekuwa anachagua kati ya alfabeti na Mungu wa baba zake. Kisha Idi Amin akawapiga marufuku, wakabaki mia chache. Leo wana shule yao, Hadassah, na sekondari yenye jina la Kakungulu, na humo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanakaa pamoja. Waliofungiwa mlango walijenga mlango mpana kuliko ule waliofungiwa. Sijui mahubiri makali kuliko hayo.

Nasikia mtu ananung'unika: "Mchungaji, shule ya bure haina dini, mtoto atapotea." Basi fungua Kutoka, sura ya pili. Musa alisoma wapi? Alisoma kwa Farao. Lakini kabla hajaingia jumbani, binti Farao alitafuta wa kumnyonyesha, na dada mtu akamleta mama yake mwenyewe, na binti Farao akamlipa mshahara. Angalieni ucheshi wa Mungu! Mama Mwebrania analipwa kwa pesa ya Farao ili amnyonyeshe mwanawe ambaye Farao alitaka afe. Alikuwa naye kwa muda mfupi tu, mpaka alipoachishwa ziwa. Na muda huo ulitosha: miaka arobaini ya shule za Misri haikumsahaulisha ndugu zake ni akina nani.

Danieli naye na wenzake watatu walipewa majina ya kipagani na miaka mitatu ya masomo katika lugha na vitabu vya Babeli. Shule hawakuikataa. Majina hawakuyapigania. Walisimama mezani: chakula cha mfalme hatuli. Walijua pa kusimama kwa sababu mtu fulani, nyumbani, kabla ya uhamisho, aliwaonyesha. Na Timotheo, baba yake Myunani, shule gani ya kanisa ilimlea? Bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Basi.

Basi, baba wa nyumba, usimwachie mwalimu deni lako. Unalipa komplekse dola nyingi ili mtu mwingine amfundishe mwanao kusali, na wewe hajawahi kukuona umepiga magoti. Unataka mwalimu wa bei gani atakayefuta hilo? Heri mtoto aliye katika konvansione iliyojaa, kwenye benchi la watu watano, ambaye jioni, moto wa makaa ukizima, anasomewa sura moja na mama aliyeishia darasa la nne na anayefuata mistari kwa kidole. Mama huyo halipwi na mtu. Ndiyo maana hakuna shaba itakayoshuka ikamwondoa.

Kama unao uwezo wa komplekse kwa watoto wako wote, wapeleke wote, na Mungu akubariki. Kama uwezo unatosha kwa mmoja tu, nasema bila kuogopa: mrudishe yule mmoja. Wote waende ile ya bure, na pesa iliyobaki inunue madaftari, sabuni na mafuta ya taa, na iwekwe akiba ya sekondari ya msichana, kwa sababu gratuité inaishia msingi, na ni hapo kwenye sekondari ndipo tunapowapoteza mabinti. Najua mtaniambia kwamba mtoto wa kwanza ndiye atakayewainua wengine. Nimehubiri katika harusi na matanga ya nyumba nyingi hapa. Mara nyingi aliyeinuliwa peke yake hukaa huko juu.

Na sisi kama kanisa tusijifiche nyuma ya wazazi. Kama mji wa Yehoshua ben Gamla uliweza kumlipa msaidizi watoto walipofika 40, jumuiya yenye kwaya tatu, kila moja na sare zake, ina jibu gani? Mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha anafundisha watoto wetu akiwa na njaa, kisha Jumapili tunamwomba atoe fungu la kumi. La nini? La hewa? Tumpe shamba. Kanisa lina ardhi, mvua inakuja, na kulima tunajua. Mama wa Kipendano, kundi la wanawake wa kanisa letu, wanaweza kunisahihisha, lakini nadhani nusu ya pesa ya sare mpya ya kwaya mwaka huu ingenunua mbegu na mbolea za kutosha. Wanakwaya watanuna. Wanune wakiimba.

Neno moja kwa mkuu wa shule yetu yoyote anayesikia. Mlango wenye msalaba juu yake usimfukuze mtoto kwa sababu ya franka. Mtoto wa msingi asiombwe hata moja ambayo sheria haikuiruhusu, si kwa jina la prime, si kwa jina la "mchango wa maendeleo," si kwa jina lolote tamu. Ukikosa chaki, njoo hapa mbele Jumapili useme tumekosa chaki. Afadhali kanisa zima lione aibu saa moja kuliko mtoto mmoja aione mwaka mzima.

Jumapili ijayo kila nyumba ilete karatasi. Siyo biletini ya shule, siyo orodha ya waliofaulu mtihani wa serikali. Hao tumewapigia makofi. Andikeni jina la yule aliyeambiwa angoje. Kama ni mtoto wa kwako, andika. Kama ni mtoto wa dada yako anayelala jikoni kwako, andika. Asiyejua kuandika amwambie mwalimu wa shule ya Jumapili amwandikie. Tutayasoma majina hayo hapa mbele, moja moja, bila jina la baba ili mtu asione haya, na sahani ya matoleo haitapita mpaka la mwisho lisomwe.